Farasi Aliyekataa Maji ya Amondi

Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, Amondi aliingia kwenye mapanki kama wajane wengi wa Igogo. Alinunua mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, akaikaanga, akaiuza, akasomesha watoto. Kazi hiyo haikumpendeza wala kumchukiza, aliifanya tu. Kilichompendeza ni wanyama. Kwao Shirati alikua akichunga punda wa baba yake. Ndiyo maana Masele, mfanyabiashara wa Igoma aliyetajirika kwa malori, aliponunua farasi kwa Mzungu aliyekuwa akihama Arusha, na wachungaji wake wa ng'ombe wakaogopa mateke, alimwita yeye.

"Si wewe mtu wa punda? Basi huyu ni punda aliyesoma," Masele alimtania.

"Na mshahara wa kumlea uwe wa msomi."

Farasi, jike jekundu, alikula nyasi kavu vizuri. Maji alikataa. Alinusa ndoo, akapuliza pua, akageuza shingo. Amondi alimwaga maji ya bomba akaleta ya ziwani, akatia chumvi kwenye pumba ili mnyama apate kiu, akambembeleza kwa Kijaluo. Kesho yake kinyesi kilikuwa kidogo, kigumu kama kokwa. Daktari wa mifugo aliweka sikio ubavuni, akasikiliza sana.

"Tumbo limeanza kunyamaza. Asipokunywa leo, chakula kitagandia humo ndani, naye atakufa. Pumba basi. Maji tu."

Masele hakutania tena. "Mama, huyu akifa..."

Aliyekuja kusimama karibu na ile ndoo ni Bernadeta, mke wa Masele, aliyekulia kwenye ng'ombe huko Maswa, mbali na ziwa. Akasita, kama mtu mwenye neno gumu mdomoni.

"Dada, usinikasirikie. Ndoo hii inanuka samaki."

Ilikuwa ndoo yake Amondi ya mapanki, aliyoisugua kwa majivu na kuianika juani. Aliiinamia, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akavuta tena. Plastiki tu, na maji.

"Mbona mimi sisikii?"

"Utasikiaje, na wewe umo ndani yake?"

Wakanunua ndoo mpya. Amondi akaibeba, farasi akanusa, akageuka. Bernadeta akanyoosha mikono.

"Nipe mimi. Wewe kaa kule ukutani."

Amondi akarudi nyuma. Farasi akanusa, akangoja, kisha akatumbukiza mdomo. Koo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka. Amondi alifurahi na akataka kulia, wala hakujua kipi kilitangulia. Miaka yote hiyo watu walikaa karibu naye kanisani, na hakuna aliyemwambia.

"Chagua basi," Masele akasema, kwa upole. "Mapanki au farasi. Mikono unayo miwili, lakini harufu ni moja."

Alichagua farasi. Karai na jiko akamwachia mdogo wake, Adoyo. Wiki kadhaa zilipita kabla farasi hajakubali ndoo mkononi mwake, na alipokubali, Amondi hakumwita mtu kuja kuona.

Jioni hiyo alipita kwa Adoyo. Kabla hajafika mlangoni alisikia harufu nzito ya samaki, kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye mapanki. Akasimama nje kidogo, akivuta pumzi, kisha akapiga hodi kama mgeni.