Baba Yetu Kumi kwa Injini ya Mazutu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani hata kidogo. Shefu wa gereji, mzee mnene aliyekuwa akitengeneza magari tangu mimi ninanyonya, aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya boneti ya jeep iliyolala nje, akaniuliza nasikia nini. Nikamjibu nasikia baridi.

"Basi motere nayo inasikia," akasema. Motere ndiyo injini, kwa sisi watu wa Goma. "Mutu ukimuamusha na kumukimbiza pale pale, atakufa. Umupe kwanza dakika."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu, na shirika letu la misaada likaajiri kila aliyeweza kurudi nyuma na gari bila kugonga ukuta. Ofisi ilikuwa Himbi, karibu na ziwa, lakini magari saba yalilala Majengo, katikati ya nyumba za watu, parsele tatu tu, yaani viwanja vitatu, kutoka kwangu.

Vijana wa leo mnaowasha gari huku mmeshaondoka, sikilizeni tulivyofanya. Kwanza unachomoa kijiti cha kupimia mafuta na kuangalia alama. Unatazama maji. Ukiingia ndani unazungusha ufunguo nusu, taa ndogo ya njano inawaka: hizo ni bujia zinazopasha joto injini ya mazutu, kwa kuwa mazutu, yaani dizeli, hayawashwi kwa cheche kama petroli. Taa ikizimika, unawasha, kisha unangoja mafuta ya injini yapande hadi juu. Saa ya mkono alikuwa nayo Shefu peke yake, na hata yeye hakuiamini. Kipimo chake kilikuwa Baba Yetu kumi kwa mazutu na tano kwa petroli, bila kuikimbilia amina. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi madereva saba tulikaa, vichwa vimeinama juu ya usukani, midomo inacheza. Mgeni mmoja kutoka makao makuu aliandika katika ripoti yake kwamba wafanyakazi wa Goma ni wacha Mungu sana.

Majengo yote iliishi kwa ngurumo ile. Mama Furaha, aliyeuza mandazi mbele ya geti letu, aliteleka karai aliposikia injini ya kwanza. Vita vilipoanza kukaribia tukawa zaidi ya saa. Redio ingesema hali ni shwari na kila mtu abaki kwake, lakini watu hawakusikiliza redio, waliangalia geti letu. Magari ya misaada yakiwaka saa isiyo yake, funga godoro.

Hilo hakuna aliyemwambia Shefu. Wiki moja barabara zilifungwa, magari yakasimama, naye akaingiwa na hofu ya betri kufa. Saa tisa mchana akaamuru tuwashe yote saba. Nilikuwa kwenye Baba Yetu ya sita nilipoona godoro likipita juu ya ukuta. Likafuata jingine. Ya kumi ilipofika, barabara ilikuwa imejaa mbuzi na masufuria, na bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameikumbatia saa yake ya ukutani. Nilikimbia nyumbani nikakuta mlango wazi. Mke wangu alikuwa ameshafika barieri ya mpakani na watoto, kuku, na suruali yangu ya Jumapili.

Aliporudi nilimuuliza kwa uchungu imekuwaje akakumbuka suruali na asinikumbuke mimi.

"Weye uko na gari," akasema. "Suruali haina gari."

Mkuu wa kituo, mkubwa wetu sote, kesho yake alishinda asubuhi nzima akilaumiwa na chifu wa mtaa. Kwa kuwa gari langu ndilo lililosikika kwanza, mimi ndiye niliyepewa demande d'explication, ile barua ya kutakiwa ujieleze. Nilijieleza kurasa tatu, pamoja na mchoro wa pampu ya mafuta. Aliyezipinga kurasa zangu ni bwana Lojistiki, kijana mwembamba aliyesimamia magari na vipuri, na ambaye kitabu cha watengenezaji wa gari hakikumtoka kwapani. Alitusomea humo mbele ya Shefu: injini hizi hazihitaji kungojwa; washa, subiri nusu dakika, kisha endesha polepole mpaka sindano ya joto ipande. Kungoja zaidi ni kuchoma mazutu bure na kuijaza injini masizi. Shefu alitoka bila kuaga, na mwezi ule ule akastaafu.

Nusu dakika! Hiyo ni Baba Yetu moja tu, tena ya haraka. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wote, na kosa lake kubwa lilikuwa kwamba alisema kweli.

Kisha vita vikaja kweli. Mizinga ilisikika usiku kucha, na redio ikasema hali ni shwari. Alfajiri Mkuu wa kituo alitukusanya gerejini akatuambia tutasukuma magari kwa mikono mpaka barabara kubwa, tuwashe huko na kuondoka. Watu wakisikia injini hapa, alisema, watajaa getini na hatutatoka. Hakuwa mtu mbaya. Magari saba yasingeibeba Majengo.

Lakini nje ya ukuta nilimsikia Mama Furaha akipuliza makaa, na parsele tatu nyuma yake mke wangu alikuwa amelala na watoto watano. Mkate wao ulikuwa mkononi mwa Mkuu. Niliogopa, naandika bila haya. Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo nusu, nikangoja taa izimike, nikawasha.

"Zimisha," akasema Mkuu.

"Motere iko baridi, Mukubwa. Mafuta haiyapanda."

"Zimisha, Papa Shukuru. Ni amri."

"Nikiondoka hivi itakufa njiani, na batu bako ndani."

Gari la pili likawaka, la tatu, mpaka la saba. Bwana Lojistiki alisimama na kitabu chake kwapani, hakukifungua. Nilianza Baba Yetu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza niliomba kweli, hata sikujua nimefika ya ngapi. Nilipoinua kichwa, godoro lilikuwa likipita juu ya ukuta. Likafuata jingine. Hakuna aliyekuja getini. Watu wa Majengo hawakuwa na nafasi nasi. Tulipotoka barabara ilikuwa tupu, na karai la Mama Furaha limebaki juu ya jiko peke yake. Saa moja baadaye bomu lilianguka mahali pale pale. Mama Furaha nilimkuta ng'ambo ya mpaka, pamoja na mke wangu, watoto, na suruali.

Tuliporudi nilipewa barua ya pili: kwa nini umekaidi amri? Safari hii niliandika mstari mmoja, kwamba injini ilikuwa baridi. Mkuu aliipeleka kwa Lojistiki atoe maoni ya kiufundi, nikajua kazi imekwisha. Nilingoja kufukuzwa wiki moja, mwezi, mwishowe miaka kumi na mmoja.

Sasa nimestaafu, na nawaambia ukweli: msiipashe injini muda mrefu. Nusu dakika yatosha, kisha nenda polepole. Kitabu kilisema kweli. Siku ya kuaga, karani alinipa faili langu nilisome kabla ya kutia sahihi, nikaikuta ile barua ya pili. Chini ya mstari wangu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, Lojistiki alikuwa ameandika: "Kwa injini ya aina hii, asubuhi ya baridi, dakika kumi ni lazima. Tazama kitabu, ukurasa wa 14."

Kitabu chake kilikuwa bado kwenye rafu ya ofisi. Nikakifungua. Ukurasa wa kumi na nne unaeleza jinsi ya kubadilisha taa za nyuma.