Nyumba ya Umoja na Asilimia za Ndung'u

Phelister Khavere alipotangaza kwamba anauza nyumba yake ya mtaa wa Umoja, watu wa kanisani walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza. Tangu mumewe Shitanda aanguke na kufa kazini kwenye kiwanda cha rangi, Machi 1984, moyo wake ulikuwa umeingia ganzi. Alipika, akala, akafua mashati ya marehemu na kuyapiga pasi. Watoto walikuwa kwa mama mkwe wake huko Maragoli, naye alitaka kuwafuata. Nyumba iliandikwa kwa jina lake na la Shitanda, na deni la kuinunua lilikuwa limekwisha.

Alielekezwa kwa wakala wa nyumba aitwaye Bedan Ndung'u, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa Eastleigh. Ndung'u alimweleza kwamba angetafuta mnunuzi na kufuatilia karatasi zote, kisha achukue kamisheni ya asilimia sita. Nyumba ikienda kwa shilingi laki moja na elfu ishirini, yeye angepata elfu saba na mia mbili.

Phelister hakujibu. Alikuwa akiwaza kama alizima jiko alipotoka. Ndung'u alikohoa, akataja asilimia tano. Phelister bado alikuwa jikoni mwake, kimawazo. Ndung'u akashuka tena, nne na nusu, akasema hajawahi kukutana na mama mgumu namna hii. Phelister aliinuka, akamwambia atarudi.

Jioni alimsimulia jirani yake, Ochola, karani wa ghala. Ochola aliweka gazeti chini, akamfafanulia polepole. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima iwe sita. Hiyo ni bei ya kuombwa, kama ya viatu pale sokoni Kariokor. Asitie sahihi mkataba usio na tarehe ya mwisho. Na wakala asilipwe kabla pesa za nyumba hazijaingia benki.

"Halafu muulize kama mnunuzi naye anamlipa," Ochola alisema. "Hapo ndipo wengi hufichwa ukweli."

Haikumbidi kuuliza. Jumamosi, kabla hajatia sahihi popote, Ndung'u alimtuma mnunuzi aje aone nyumba. Alikuwa Mirriam Nthoki, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye haya. Alikagua vyumba, akafungua bomba la jikoni na kulifunga. Walipoketi kunywa chai, aliuliza kama ile asilimia tatu aliyomlipa Ndung'u ilikuwa sehemu ya bei.

"Amekuambia ni ya nini?" Phelister aliuliza.

"Ya kunitafutia, Mama. Aliniambia wewe humlipi kitu."

Phelister alingoja hasira ije. Haikuja. Alimwongezea mgeni chai.

Jumatatu asubuhi alikuwa tena Eastleigh, mkoba mapajani.

"Bwana Ndung'u, Mwalimu amekulipa tatu," alisema. "Mimi nitakulipa mbili, pesa zikishaingia benki. Uandike hivyo, na tarehe."

Ndung'u alicheka kidogo. Alisema yale ya mwalimu ni mambo mengine kabisa. Akazungumzia kodi ya ofisi, nauli, karo ya wanawe. Phelister alimsikiliza hadi mwisho, wala uso wake haukubadilika. Hatimaye Ndung'u alivuta karatasi akaandika.

Nyumba iliuzwa mwezi wa Novemba. Ndung'u alipata elfu mbili na mia nne, akazihesabu bila kunung'unika. Nthoki alipokabidhiwa funguo alilia, kwa maana tangu azaliwe hakuwahi kulala penye mlango wake mwenyewe. Phelister alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mtaa wa pili. Alimwonyesha dirisha lisilofungika vizuri, akamuaga.

Huko Maragoli, sehemu ya kile alichookoa kwenye kamisheni ilinunua ng'ombe wa maziwa. Asubuhi ya kwanza ya kumkama, maziwa yalimrukia mkononi yakiwa vuguvugu, naye akashtuka kuona ameyahisi. Haikuwa furaha. Mkono umelowa, aliendelea kukama mpaka ndoo ikajaa, akaibeba ndani kwa watoto.