Tulipoziba Njia ya Lori kwa Cherehani

Jambo la kwanza nililofundishwa na wapangaji wenzangu katika nyumba ile ya bondeni ni kutofungua dirisha la nyuma. Nyuma kulikuwa na mto. Kabla ya hapo nilikuwa nashonea kwenye duka la Mkongo mwenzangu pale Malvern, Johannesburg, barabara ya Jules, lakini baada ya vurugu za kuwashambulia wageni mwaka 2015 aliteremsha shata za duka, akahamia Cape Town, nami nikabaki na cherehani yangu ya miguu na wateja wachache walionifuata. Mimi na mume wangu, ambaye ni mlinzi, tukapata chumba bondeni, mashariki ya mji, mahali mto Jukskei unapotokeza baada ya kupita ndani ya mabomba chini ya majengo.

Mimi ni mtoto wa Uvira. Kwetu mto ulishuka mlimani ukiwa baridi, tukaoga, tukafua, tukanywa. Huu wa hapa haukuzidi upana wa chumba changu, na ulitiririka ukiwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Kila mvua iliponyesha, chemba za majitaka zilifurika zikamwagikia humo humo. Nilifunga dirisha kama walivyonifundisha. Sikuona kwamba ulinihusu.

Jumapili moja kanisani kwetu, katika gereji ya zamani tunayoikodi Wakongo na Warundi, aliingia mama mzee wa Kizulu aliyevaa buti za mpira na sketi ya kanisani. Hapa bibi anaitwa gogo, neno ambalo mwanzoni lilinichekesha, maana kwetu gogo ni mti uliokatwa ukalala chini. Huyu hakuwa wa kulala chini. Aliomba kusema, mchungaji akamtafsiria.

"Mimi nakaa Alexandra," alisema. "Huu mto wenu ndio unaopita mlangoni kwangu. Nimekuja niwaone kwa macho watu ambao nepi zao nimeshazijua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza jinsi taka zilivyoziba daraja la mtaani kwao siku ya mvua kubwa, maji yakapanda, yakachukua kitanda chake, jiko lake na ukuta mmoja wa kibanda chake. Tangu hapo alikuwa anaufuata mto kuelekea juu, anaingia kila kanisa, kila spaza, yale maduka madogo ya mtaani, kila nyumba yenye watu wa kusikiliza.

"Siwezi kuusafisha peke yangu kule chini huku ninyi mnaujaza huku juu. Njooni Jumamosi. Nitakuja na watu wangu."

Nilikwenda. Sijui ni aibu au ni yale macho yake. Nilikwenda na jirani yangu Mrundi, fundi mwenzangu, ambaye njia nzima alinung'unika kwamba hakukimbia vita Bujumbura aje kuokota chupa za Johannesburg.

Tuliwakuta watu wa Alexandra, waumini wa kanisa la kanzu nyeupe ambao hubatiza humo mtoni, na wakazi wa bondeni wakiongozwa na mwenyekiti wa kamati yao, baba mmoja mrefu aliyekaa mtaani pale muda mrefu kuliko sote. Yeye ndiye aliyegawa glavu. Alipotufikia akazirudisha kwenye mfuko.

"Hizi ni za wenyeji," alisema kwa Kiingereza.

Jirani yangu akageuka aondoke. Nikamshika mkono. "Tuondoke kwa nini? Harufu tunanusa wote." Tukavaa mifuko ya plastiki mikononi, tukashuka majini.

Adhuhuri mwenyekiti alituonyesha miti ya kukatwa. Alikuwa amefundishwa na wataalamu wa chuo kutoka Braamfontein, na alieleza vizuri: miti fulani si ya nchi hii, inakunywa maji mengi, inaua mimea ya hapa. "Hii ya kigeni yote ing'olewe," akasema, na macho yake yakatua kwetu sisi wawili, sijui kwa makusudi au kwa mazoea.

Nikaweka panga chini. "Na mimi mtaning'oa lini, baba?"

Gogo alikuwa amesimama hadi magotini kwenye tope. "Jibu," alimwambia mwenyekiti. "Amekuuliza."

Mwenyekiti akageukia mti mwingine. Nikaokota panga, nikaukata ule mti kwa hasira mpaka ukaanguka. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nilirudi ili anione.

Ndivyo ilivyoendelea, miezi na miezi. Sitasema tulipendana. Watu wa kanzu walipenda kuimba, sisi tulipenda kumaliza haraka, wa Alexandra walituona wavivu. Lakini taka zilipungua. Tulisafisha ukingo wote upande wa nyumba yetu, tukapanda matete, tukalima njia nzuri ya kushukia mtoni. Asubuhi moja nikasikia vyura, na kwa mara ya kwanza nikafungua lile dirisha.

Halafu likaja lori.

Ile njia tuliyoisafisha kwa mikono yetu ndiyo lililoitumia. Tuliamka tukakuta kifusi, matofali yaliyovunjika, masinki, mazulia yaliyooza, vyote vimemwagwa juu ya matete yetu mpaka ndani ya maji. Kesho yake kikaongezeka. Kuna mjenzi alikuwa anabomoa majengo mjini na hakutaka kwenda mbali mpaka jalalani. Mwenyekiti akapiga simu manispaa. Wakampa namba ya malalamiko, wakasema asubiri. Kifusi hakikusubiri.

Tukafanya kikao uani kwetu. Wengine walisema tuchimbe mtaro njiani, wengine tuweke nguzo, lakini njia ni ya manispaa na kila kitu kilihitaji kibali. Mimi nilikuwa nimekaa na kitambaa mapajani, maana ulikuwa msimu wa sare za shule na sikuwa na nafasi ya kupumzika.

"Kukaa je?" nikauliza. "Kukaa nako kunahitaji kibali?"

Jirani yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alinitazama akaanza kutikisa kichwa. "Hapana. Hapana, dada. Wewe una wazimu."

Asubuhi tulizibeba cherehani zetu, yake na yangu, tukazitega katikati ya njia. Ni za miguu, hazihitaji umeme. Tukatandika turubai, tukafunga mwavuli, tukaanza kushona. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kutushangaa. Mama mmoja akarudi nyumbani akaleta zipu iliyoharibika.

Lori lilipokuja lilipiga honi muda mrefu. Nikaendelea kukanyaga pedali. Dereva akashuka, kijana mwenye uso wa uchovu.

"Mama, ondoeni hivi vitu. Napita."

"Unapita kwenda wapi? Huko chini kuna mto tu."

"Mimi natumwa."

"Basi mwambie aliyekutuma kwamba kuna mafundi wanafanya kazi."

Akarudi ndani, akaliungurumisha lori, akalisogeza mpaka joto la injini likanipiga usoni. Miguu yangu ilitetemeka, na kwa kuwa ilitetemeka juu ya pedali, sindano ikaenda mbio, mshono ukapinda wote. Jirani yangu alikuwa anasali kwa Kirundi bila kuacha kushona. Hatukuinuka. Dereva akazima injini, akampigia simu bosi wake.

Kabla bosi hajafika, akaja mwenyekiti. Alitutazama, akalitazama lori. Kisha akaondoka, nami nikajisemea moyoni, haya, ndio mwisho. Akarudi na kiti cha plastiki na suruali mkononi. Akakiweka kiti mbele ya bampa, akaketi, akanipa suruali.

"Ni ndefu," alisema. "Ipunguze."

"Leo nina kazi nyingi, baba."

"Nitangoja."

Bosi alifika na bakkie, pikapu yake, amekasirika tayari. Hakutaka kujua habari za mto. Alisikia lafudhi yangu tu ikamtosha. "Mna karatasi ninyi? Nitawaita watu wa uhamiaji sasa hivi."

Niliogopa, sitadanganya. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa halali, lakini tunajua sote jinsi karatasi halali inavyoweza kukulaza kituoni wikendi nzima. Nikaitoa kifuani, nikaiweka juu ya meza ya cherehani mbele yake.

"Waite," nikasema. "Na ukishawaita hao, waite na wa mazingira, waje wote pamoja. Mimi sihami. Nitakuwa hapa hapa."

Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe mzee, unawatetea hawa?"

Mwenyekiti aliweka mguu mmoja juu ya mwingine. "Huyu fundi ana suruali yangu," alisema. "Haondoki hapa mpaka aimalize."

Watu walishakusanyika. Wakacheka kwa sauti, na kile kicheko kilimshinda yule bosi kuliko maneno yetu yote. Lori lilirudi nyuma polepole mpaka kwenye robot, taa za barabarani, likakata kona, likapotea.

Hatukuliamini. Tulishona pale siku nyingi, mvua ikija tunajifunika turubai. Gogo alikuja na akina mama wa Alexandra kwenye teksi nzima, vile vibasi vya huku, wakaketi nasi wakimenya njegere, na mmoja wao akawaleta watu wa redio ya mtaani. Manispaa walipoona aibu inatangazwa hewani, walileta mawe makubwa, wakayapanga kwenye mdomo wa njia. Sasa mtu anapita kwa miguu, lori halipiti. Kifusi tulikitoa wenyewe, tofali kwa tofali, na yale mazima tulijengea ukingo mahali maji yalipokuwa yakila udongo.

Mwenyekiti hakuniomba radhi kamwe, wala mimi sikumdai. Suruali niliipunguza. Alilalamika kwamba nimeifanya fupi mno.

Sitaki mtu adhani mto ulipona. Nilisikia lile lori lilipata mahali pengine pa kumwaga, upande wa pili wa mji, na chemba bado zinafurika. Vyura huja na kuondoka. Na mwaka 2019 vurugu zilirudi. Barabara ya Jules iliwaka moto, maduka yakavunjwa, na sisi bondeni tukakaa ndani tumefunga milango, tukisikiliza helikopta.

Jumamosi ya wiki ile mume wangu, ametoka zamu, alikaa mlangoni. "Mke wangu, leo huendi popote. Wanawawinda wageni, na wewe unataka kwenda kuwasafishia?"

"Siwasafishii wao. Mto unapita nyuma ya nyumba yangu."

"Nyumba yako?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Yangu."

Simu ikalia. Alikuwa Gogo, ambaye siku hizi aliniita mntanami, mwanangu, sauti yake imekauka.

"Uko hai, mntanami?"

"Niko hai, Gogo."

"Basi mbona hujafika? Taka zimejaa hapa mtoni kwenu, mvua yaja."

Nilimwomba mume wangu asogee mlangoni. Akainuka kutafuta buti zake. Tukamgongea jirani yangu Mrundi. Alitukana, akafunga leso kichwani, akatoka. Tukashuka mtoni sote watatu mchana kweupe, tukiongea Kiswahili kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.