Mama Aliyegoma Kushuka Kwenye Ndege

Jamani, leo mkitaka kunisema nisemeni tu, nimestahili.

Juzi asubuhi niko kaunta ya tiketi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege ninapofanya kazi, mara naitwa kwenye redio.

"Njoo haraka. Kuna mama amegoma kushuka kwenye ndege."

"Amegomaje?"

"Anasema hajafika. Eti yeye anakwenda mbali."

Nikacheka. Nikapanda ngazi na maneno yangu matamu ya kazini.

Siti ya nne, dirishani, amekumbatia kikapu: mama yangu mzazi.



"Mwanangu!" akashangaa. "Na wewe unapandia hapa?"

Mhudumu akamwambia kwa upole, "Mama, hapa ndiyo mwisho wa safari. Ni kilomita mia tatu tu, dakika hamsini."

"Hapana, binti yangu. Huyu mwanangu ni mtu wa ndege, anajua. Kwake ni siku nzima, na unabadilisha ndege mara mbili. Nimefungasha mpaka chakula cha jioni."

Mhudumu akanigeukia. Nikaangalia viatu vyangu.

Uongo huo ni wangu. Miaka sita mama akiniomba niende nyumbani Jumamosi, jibu langu lilikuwa hilo hilo. Nilitaka Jumamosi zangu za mpira na usingizi. Na kazi yangu, oneni aibu hii, ni kuwatajia watu muda wa safari hiyo hiyo kutwa kucha. Sasa wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wamemchangia tiketi, naye akaja kimyakimya anifurahishe.

"Mama, tushuke. Tumefika."

Akatazama nje. Akaitazama saa yake, akaiweka sikioni asikie kama inatembea.

Hakunigombeza. Afadhali angenizaba kibao mbele za watu. Tulipokaa kwenye ukumbi wa abiria ndipo akauliza, sauti ya chini:

"Siku zote ni dakika hamsini?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mwaka juzi?"

Mwaka juzi ndipo baba alipofariki. Nikaitikia kwa kichwa.

"Asubuhi ile baba yako alikutaka. Simu nilishaishika mkononi. Nikamwambia, mzee, tusimhangaishe mtoto, hata akitoka sasa hakukuti. Akasema, haya. Alikata roho saa kumi na mbili jioni."

Siku ile ndege za kwenda nyumbani zilikuwa mbili. Zote niliwapandisha watu mimi mwenyewe.

Na kesho yake nilipofika msibani nilijifanya nimechoka na safari, mpaka shangazi akanichemshia maji ya kukanda miguu. Nikakaa nikakandwa.

Mama yuko chumbani kwangu sasa. Nampigia hodi mlango wangu mwenyewe, naona aibu.

Ndugu yangu unayewaambia wazazi uko mbali, usidhani wanajua unatania. Wanakuamini. Siku ya siku ikifika, watapima kwa uongo wako kama inafaa kukuita.