Jodari Mzima kwa Watu Wawili

Watoto walipoondoka mmoja mmoja, Kheiria alidhani gharama ya chakula itapungua nyumbani kwao Al Khuwair. Watu saba wakibaki wawili, tena wazee wenye sukari, watakula nini? Lakini mumewe Musallam, mstaafu wa wizara, ndiyo kwanza alizidisha. Kila Ijumaa alikwenda Sidab kwa wavuvi akarudi na jodari mzima, mkia umechomoza kwenye buti la gari. Gunia la mchele halijaisha, jengine limeshaingia.

"Baba Talal, tuko wawili tu. Vyote hivi nani wa kuvila?"

"Nna watu wa kulisha mie. Unataka watoto wakute sufuria tupu?"

Kheiria alicheka. Mtu aliyezoea kulisha nyumba iliyojaa, alijisemea, mkono wake haujui kupima kidogo. Basi akapika pilau la shughuli, akajaza sahani, akazifunika, akawapelekea majirani. Mtaa mzima ukamsifu Musallam kwa ukarimu. Sifa zile zilimlewesha Kheiria, tusifichane. Alitembea kifua mbele. Na kwa kuwa kwao ni aibu kumhoji mtu anayetoa, hakuna aliyeuliza.

Kisha, ndani ya mifuko, akakuta kopo la maziwa ya mtoto mchanga. Musallam akasema amekosea rafu dukani. Juma la pili akaja na makopo mawili. Kheiria akayaficha nyuma ya unga, na Bashayer, kitinda mimba wao, alipopiga simu kutoka Salalah, akaambiwa baba ni mzima, anakula vizuri. Bashayer mwenyewe ameshapita miaka thelathini. Kheiria alishaanza kuhofu, ila hofu hiyo hakutaka kuipa jina.

Ijumaa iliyopita alikata shauri kumjaribu. Akapika kidogo, chakula cha watu wawili, akatandika mkeka na kuweka sinia. Musallam akaketi, lakini wali hakuugusa.

"Bismillahi, kula," Kheiria alimwambia.

"Tuwangoje watoto."

"Watoto gani? Wana nyumba zao. Tumebaki mie na wewe."

Musallam akamtazama kwa upole, upole wa kumstahi mgeni. Akamsogezea kipande kikubwa cha samaki.

"Kula, bibi, usione haya," alisema. "Mke wangu yuko jikoni, atakufungia na cha kupeleka. Kwenu mko wangapi?"