Kikopo cha Mhadhiri Mwandamizi

Nimeshuhudia mtu mzima, mwenye shahada tatu na tai shingoni, akiulizwa mbele ya jopo kama mzazi wake ameridhia apimwe minyoo.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa msimamizi wangu wa masomo, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Sijawahi kumpenda. Nalisema mapema, asije mtu akadai namsingizia kwa hasira. Hasira ninayo, lakini simsingizii.

Chuoni tulimwita Kifutio. Ukimpelekea sura ya tasnifu, anakurudishia kurasa zimekatwa kwa wino mwekundu juu mpaka chini, na pembeni kaandika neno moja: "Upuuzi." Ukiuliza upuuzi uko wapi, anakwambia ungekuwa na akili ungeuona.

Hata salamu alikuwa anaibania. Unamwamkia, "Shikamoo, Dokta," naye anaitikia, "Mm," macho yako kwenye simu.

Mimi kabla ya masomo hayo nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Nilifundisha watoto wanaosinzia asubuhi na mapema, matumbo yamewavimba, huku walimu wenzangu wakiwaita wavivu. Choo cha shule hakikuwa na maji, na bomba la kunawia lilikuwa pambo tu.

Nikajua wale watoto si wavivu. Wana minyoo. Nikaacha kazi, nikarudi chuo nikajifunze namna ya kulithibitisha hilo na kulikomesha.

Shangazi, ambaye nilikuwa naishi kwake, hakunificha. "Umeacha mshahara ukachunguze vinyesi vya watoto wa watu. Haya, mama, tutaona."

Sasa utafiti wa namna hiyo haufanyiki kwa maneno matupu, na mimi mfukoni sina kitu. Idara ikanipa onyo: nisipopata mfadhili muhula ule, usajili wangu unafutwa. Yaani kazi nimeacha, na chuo nifukuzwe.

Kwa bahati taasisi moja ikatangaza ufadhili wa utafiti wa afya mashuleni, kwa mtafiti wa ngazi yoyote. Walitaka andiko liwe la Kiswahili, ili wazazi na walimu wa shule husika nao walisome.

Nikaandika. Niliandika jikoni, maktaba, mpaka kwenye foleni ya zahanati.

Asiyewahi kuandika andiko la kuomba ufadhili asidhani ni mchezo. Unaeleza shida bila kulia, unaomba bila kupiga magoti, na hutakiwi kujitaja. Husemi "nitapima." Unasema "mwanafunzi atapima," utadhani unamsema jirani. Basi andiko zima mimi nikawa "mwanafunzi." Na wale watoto wa shule, nao ni wanafunzi.

Nikampelekea Kifutio, maana lazima litumwe kupitia akaunti ya mhadhiri. Akalikalia. Kila nikigonga mlango wake jibu ni lile lile. "Nimeshakwambia nalisoma."

Siku ya mwisho ya kutuma nikamfuata roho mkononi.

"Limeshaenda," akasema. "Mtafiti mkuu ni mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Na mimi je, Dokta?"

"Wewe umo kwenye shukrani."

"Lakini andiko ni langu. Ufadhili ukitoka kwa jina lako, mimi usajili unafutwa vilevile."

"Lako?" Akavua miwani. "Binti, wazo lisilo na jina kubwa ni karatasi za kufungia karanga. Ukitaka, nenda kalalamike. Halafu utafute wa kukusainia tasnifu."

Nilitoka mle ofisini bila kuaga. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wote, na wala sioni aibu kusema.

Shangazi alipoiona sura yangu hakunikejeli. Akasema, "Mwache, mwanangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe." Nikamjibu vibaya kwamba methali hazimrudishi mtu chuoni, nikaenda kulala bila kula.

Andiko likapita mchujo. Likaitwa mbele ya jopo, na Kifutio akaniamuru niende naye nikabonyeze kompyuta ya kuonyesha picha ukutani wakati yeye anaongea. Hata hayo ya kuongea alinitaka nimwandikie, nikamwandikia. Ningefanyaje, na sahihi ya tasnifu yangu ameishika yeye?

Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni inayolalamika. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho.

"Dokta," akaanza, "wazo lako limetugusa, ndiyo maana tumekuita. Ila kuna mahali tumekwama. Nitasoma, na kama tunasoma vibaya utusahihishe."

Kifutio akatabasamu, akaweka tai sawa.

Mama akasoma taratibu. "'Wanafunzi watapanga mstari nje ya darasa. Kila mhadhiri mwandamizi atapewa kikopo chenye jina lake, ataongozwa chooni, na atarudi na choo kiasi cha punje ya harage.'"

Feni ikaendelea kulalamika.

"Kuna na hapa. 'Mhadhiri mwandamizi awe na umri wa miaka saba hadi tisa. Atakayekutwa na minyoo atamezeshwa dawa mbele ya mwalimu wa darasa. Mhadhiri mwandamizi akilia, abembelezwe.'"

Mjumbe mmoja akainama chini ya meza, akijifanya kaangusha kalamu.

Hapo ndipo nikaelewa, nikajibana mbavu kwa viwiko.

Kifutio hakuwa amelisoma andiko. Hata ukurasa mmoja. Kompyuta zina ile amri ya kutafuta neno na kulibadilisha andiko zima kwa mpigo mmoja. Alichotaka ni kuniondoa mimi. Akaiambia kila penye "mwanafunzi" iweke cheo chake, "mhadhiri mwandamizi," akabonyeza, akatuma.

Kompyuta haijui kutofautisha mwanafunzi wa chuo na mwanafunzi wa darasa la pili. Sarufi nayo ikamsaliti, maana cheo chake kilikaa kwenye kila sentensi bila kugongana na kitu. Wingi tu ndio uliosalimika, kwa hiyo wanafunzi walipanga mstari, na yeye kapanga nao.

"La mwisho," mama akasema. "'Mhadhiri mwandamizi ambaye mzazi wake hajaridhia hatapimwa.' Dokta, mzazi wako ameridhia?"

Jopo likapasuka. Yule wa chini ya meza hakuinuka tena. Mimi nilicheka mpaka machozi, na nilicheka kwa ubaya, nikimwangalia usoni.

Kifutio jasho likamtoka. Akageuka, akaninyooshea kidole.

"Ni uzembe wa huyu binti," akasema. "Andiko lote ameandika yeye. Mimi nimeliamini nikasaini tu. Hakuna hata neno langu humo."

Kicheko kikakatika.

"Hakuna hata neno lako?" mama akauliza.

"Hata moja. Muulizeni mwenyewe."

"Katibu, liandike hilo kwenye kumbukumbu za kikao." Kisha mama akanigeukia. "Binti, ni kweli? Maneno yote haya ni yako?"

Kifutio akanitolea macho, anasubiri nikubali kosa. Hakuwa amejua bado alichokisema. Wajumbe wa jopo walikuwa wameshajua.

Nikasimama.

"Ndiyo, mama. Yote ni yangu," nikasema. "Isipokuwa mawili."

Yule mama hakuhitaji kuuliza ni yapi. Aliniambia nikae kwenye kiti cha mtafiti mkuu, na Kifutio akaombwa asubiri nje. Nikaulizwa maswali mpaka koo likanikauka, nikajibu yote, maana hao watoto niliwafundisha mimi.

Ufadhili ukatoka kwa jina langu. Usajili haukufutwa, na msimamizi nikabadilishiwa. Tumeshaanza kupima pale shuleni kwangu.

Kifutio bado yupo, ana ofisi ile ile. Nasikia kuna mtu humwekea kikopo mlangoni, kina jina lake. Si mimi, ingawa ningependa kuwa mimi. Hajaniomba radhi, na mimi sijamsamehe, wala msinihubirie kwenye maoni.

Funzo langu nawaachia wenye tabia hiyo, maana najua humu mmo. Ukiamua kuiba kazi ya mwenzio, angalau isome.