Siku Furaha Alipozunguka Idjwi

Juzi bandarini Goma nilimwona msichana akishuka kwenye boti iliyotoka kisiwa cha Idjwi, amekumbatia nanasi. Harufu yake ilinirudisha kwenye alasiri ile dada yangu Furaha aliporudi kutoka huko.

Tulikuwa tumekimbia vita mjini Kiwanja, na njiani mama akapotea katika msongamano wa watu. Tulipokwisha kufika kwa shangazi, Papa alimchukua Furaha peke yake akavuka naye ziwa.

"Na miye, Papa?"

"Weye ubaki na shangazi."

Furaha alirudi na nywele zilizojaa vumbi, akinukia nanasi na mazutu ya gari.

"Tulizunguka kisiwa siku muzima na kamioneti," alisema. "Miye nilikala mbele na shofere. Ziwa iko chini, migomba iko juu. Weye ulikala na kuku za shangazi!"

Nilikataa kula nanasi lake. Papa aliketi mlangoni bila kuvua viatu, nikadhani amechoshwa na matembezi.

Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponieleza. Hatukuwa na picha ya mama. Kila ufuo ambapo wakimbizi walishukia, Papa alimsimamisha Furaha mbele ya watu na kuuliza, "Hamukuona mama mwenye sura kama hii?"

Hakuna aliyemwona, wala hakupatikana. Furaha sasa amefikia umri aliokuwa nao mama, na bado namwonea wivu. Yeye akitaka kumwona mama, anajiangalia kwenye kioo.